Historia ya Kishale, na Mtamba wa Jirani Yangu

Vijana wa hapa Endagikot wanaosikia kwamba zamani niliandika programu za kompyuta huniuliza nilitengeneza kitu gani hasa. Mara nyingi huwajibu kwa mzaha kwamba nilikuwa mchungaji: nilichunga kishale kidogo kisipotee kwenye kioo. Wao hucheka, maana wamekulia kwenye simu za kugusa kwa kidole, na wapo ambao hawajashika kipanya cha kompyuta hata siku moja. Lakini jibu langu si mzaha mtupu. Katika kazi yangu yote, kosa ambalo mpaka leo linaninyima usingizi lilihusu kishale hicho hicho, na aliyelipia kosa hilo si mimi bali jirani yangu, aliyeuza mtamba wake kwa bei ya kutupa mwaka 1997. Nitafika huko. Kwanza nataka kueleza kishale chenyewe kilitoka wapi na kilichorwaje, kwa sababu bila kulijua hilo msomaji hataelewa nilikosea wapi.

Nianze na majina. Kile kifaa cha mkononi tunakiita kipanya, au mausi kwa wale wasiotaka kutafsiri. Wenzetu wa Kenya huandika puku vitabuni. Nakumbuka katika miaka ya tisini ukitaja kipanya Dar es Salaam mtu angeweza kudhani unasema habari za basi dogo la abiria, kwa kuwa Hiace nazo ziliitwa vipanya. Ile alama inayotembea kiooni huitwa kielekezi kwa sababu ya kazi yake, au kishale kwa sababu ya umbo lake. Mimi nitasema kishale. Waingereza huiita cursor, neno lililotoka Kilatini, nalo asili yake ni mtu anayekimbia. Kabla ya kompyuta neno hilo lilikuwa jina la kile kipande cha kioo chenye mstari mwembamba kama unywele kilichoteleza juu ya rula ya kukokotolea. Sisi tuliosoma hisabati kabla ya vikokotozi vya mfukoni tulitegemea vitabu vya logi, na waliobahatika walishika rula hiyo. Kwa hiyo mimi nilimjua mkimbiaji huyu miaka mingi kabla sijaiona kompyuta, ila sikujua kwamba tungekuja kukutana tena.

Mwaka 1963 kijana mmoja wa Marekani, Ivan Sutherland, alionyesha programu yake iliyoitwa Sketchpad, ambayo mtu aliweza kuchora nayo michoro moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya nuru. Ili kompyuta ijue kalamu iko wapi, ilichora alama ndogo ya msalaba chini ya ncha yake, na kila kalamu iliposogea msalaba uliifuata. Ukitaka kumtafuta babu wa kishale, msalaba ule unafaa kutajwa. Lakini kalamu ya nuru ilikuwa na adha moja: mtu alilazimika kuinua mkono hewani muda wote. Aliyewahi kuandika ubaoni vipindi vinne mfululizo anaijua adha hiyo.

Katika miaka hiyo hiyo Douglas Engelbart, mhandisi katika taasisi ya utafiti ya Stanford huko Menlo Park, California, alikuwa akitafuta njia nyepesi ya mtu kuonyesha neno analolitaka kwenye kioo. Mwenzake, Bill English, alitengeneza kipanya cha kwanza mwaka 1964. Kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake, moja likipima mwendo wa kwenda kando na jingine mwendo wa kwenda mbele na nyuma. Kinachonipendeza ni kwamba hawakuamini tu ubunifu wao. Walikipima wakikilinganisha na kalamu ya nuru, na mpini wa kuelekeza, na hata kifaa kilichoendeshwa kwa goti chini ya meza. Watu halisi waliketi, muda ukapimwa, makosa yakahesabiwa. Kipanya kilifanya vizuri. Goti nalo, kwa taarifa ya msomaji, halikuwa baya hata kidogo.

Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart aliketi mbele ya watu wapatao 1,000 mjini San Francisco, akaonyesha kwa dakika 90 kila walichotengeneza, huku kompyuta yenyewe ikiwa Menlo Park, umbali wa kilomita karibu 50. Katika kundi lake ile alama ya kiooni iliitwa mdudu. Hivyo panya alikuwa juu ya meza akimvuta mdudu kiooni. Wajerumani wa kampuni ya Telefunken walikuwa wametangaza kifaa chao cha mpira wa kuviringisha miezi michache tu kabla, mwaka huo huo, bila kuiga kwa Engelbart. Hataza ya Engelbart ilitolewa mwaka 1970, lakini ilikuwa mali ya taasisi, na yeye hakupata mrabaha. Alifariki mwaka 2013, wakati vipanya vilikuwa vimetapakaa dunia nzima.

Umbo la mshale unaolalia upande wa kushoto lilikomaa mahali pengine, katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, walipotengeneza kompyuta iliyoitwa Alto mwaka 1973. Kioo cha Alto kilikuwa na nukta 606 kwa upana na 808 kwa urefu. Kishale chake kiliwekwa ndani ya mraba wa nukta 16 kwa 16, yaani nukta 256 tu, na ndani ya eneo dogo namna hiyo mshale uliosimama wima haukuonekana vizuri. Walipoulaza, upande mmoja ukawa mstari wima ulionyooka na upande wa pili ukawa mstari wa nyuzi 45, na mistari ya namna hiyo ndiyo inayochorwa vizuri kwa nukta. Ncha nayo ikaangukia kwenye kona ya juu kushoto, mahali ambapo hesabu ya kompyuta huanzia, yaani sifuri kwa sifuri. Haya ndiyo maelezo ninayoyaona yana mantiki, na kila nilipojaribu kuchora kishale mwenyewe kwenye karatasi ya grafu niliishia na umbo lile lile.

Sasa nirudi nyumbani kidogo. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, yaani mwaka mmoja tu baada ya wale wa Xerox kulaza mshale wao, Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Vijana wakisikia hivyo hucheka tena. Mimi sicheki. Mafuta yalikuwa yamepanda bei mwaka 1973, mvua zilikuwa zimekatika, chakula kililazimika kununuliwa nje kwa fedha za kigeni, na mfumo wa hesabu za Serikali uliofanywa kwa kompyuta ulikuwa umeleta vurugu kuliko nafuu. Kama ningekuwa mezani siku ile sijui ningesema nini tofauti. Hata hivyo lazima niseme pia gharama yake: marufuku yalipolegea katika miaka ya themanini, tulikuta kila kitu kimeshachorwa. Hatukuulizwa alama gani ingeeleweka Mbulu. Wala sina hakika kama tungekuwa na jibu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati. Nilipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo katikati ya miaka ya themanini, nikakutana na kompyuta ambayo haikuwa na kipanya wala mshale. Ilikuwa na kistari kimoja cha kijani kilichopepesa gizani kikisubiri uandike. Nilikipenda kistari kile. Hakikuwa na siri. Kikipepesa, zamu ni yako. Kipanya nilikishika kwa mara ya kwanza mwaka 1991 kwenye mashine yenye Windows 3.0, na nakiri kwamba kilipofika ukingoni mwa meza niliisogeza meza.

Namna kishale kinavyochorwa ni jambo ambalo sijawahi kulichoka. Mtu anaweza kudhani ni picha ndogo tu inayobandikwa kiooni. Lakini ukibandika picha ya mraba, kishale kitatembea na kiraka cheupe kinachofunika maandishi. Kwa hiyo zinahitajika ramani mbili. Ramani ya kwanza inasema nukta ipi iwe nyeusi na ipi iwe nyeupe. Ya pili, ambayo mimi huiita ramani ya kivuli, inasema nukta ipi ni ya kishale na ipi iachwe wazi ili kilichopo chini kionekane. Katika Macintosh, iliyotoka Januari 1984, kishale kizima kilikuwa baiti 68: baiti 32 za picha, 32 za kivuli, na 4 za kutaja mahali pa ncha. Basi. Kwenye Windows mraba ulikuwa nukta 32 kwa 32, na ukizichanganya ramani mbili ulipata hali nne kwa kila nukta: nyeusi, nyeupe, wazi, au kinyume cha rangi iliyopo chini. Hiyo ya nne ilitumika kwa kile kijiti chembamba cha kuelekezea maandishi, ili kionekane juu ya karatasi nyeupe na juu ya wino mweusi vilevile. Ila kikipita juu ya rangi ya kijivu ya katikati, kinyume chake ni kijivu karibu kile kile, na kijiti kinapotea machoni. Nimewahi kumwona mtu mzima akitikisa kipanya kwa hasira akitafuta kitu kilichokuwa mbele yake.

Tena kuna suala la kilichopo chini. Kwenye Alto kishale kilihifadhiwa mahali pake pembeni, maneno 16 ya kumbukumbu, na mashine ilikiweka juu ya picha wakati wa kuionyesha tu, bila kuigusa picha yenyewe. Mashine nyingi za bei nafuu zilizofuata hazikuwa na anasa hiyo. Programu ililazimika kuhifadhi nukta zilizo chini ya kishale, kuchora kishale, kisha kikisogea kurudisha nukta zile na kuanza upya mahali papya, mara nyingi kwa sekunde. Mwandishi akichora kitu kingine bila kukificha kishale kwanza, kilichorudishwa ni picha ya zamani, na kishale kiliacha vipande vyake njiani. Wamarekani waliviita vinyesi vya panya. Nilipolisoma jina hilo nilicheka peke yangu, kwani katika ghala la mahindi la marehemu mama yangu pia hatukumjua panya kwa kumwona.

Ndiyo maana kulikuwa na amri ya kuficha kishale na amri ya kukionyesha, na amri hizo zilihesabiwa kama deni la dukani. Ukikificha mara mbili, sharti ukionyeshe mara mbili. Ukilipa mara moja tu, kishale hakirudi. Wanafunzi wangu wengi walilipa nusu ya deni, wakaja kunilalamikia kwamba kompyuta imekufa.

Nukta ya ncha ndiyo iliyonipa shida zaidi kuieleza kwa watu. Kati ya nukta zote 1,024 za mraba ule, ni moja tu inayohesabika. Mtu akibonyeza, kompyuta huuliza nukta hiyo moja iko juu ya nini; zilizobaki ni za macho. Hapa Mbulu nilipata mfano rahisi. Ndugu zetu Wahadzabe wa bonde la Yaeda hupaka sumu yao sehemu ya mbele ya mshale, si unyoya wa nyuma. Nilipomwambia hivyo karani mmoja aliyekuwa akibonyeza kwa mkia wa kishale kila siku na kushangaa mbona hakijibu, alielewa papo hapo.

Sasa kuhusu kusubiri. Kishale cha kawaida kinasema zamu ni yako. Kompyuta inapokuwa na kazi ndefu, lazima iseme vinginevyo, na njia iliyopatikana ilikuwa kubadili umbo la kishale chenyewe, kwa sababu hapo ndipo macho ya mtu yalipo. Xerox walichora saa ya mchanga. Kwenye Macintosh, msanii Susan Kare alichora saa ya mkononi. Microsoft walitumia saa ya mchanga katika Windows, na ilidumu humo hadi Windows Vista ilipoleta pete ya bluu inayozunguka, mwaka 2007. Kwenye simu kishale kimetoweka kabisa, kwani kidole ndicho ncha, lakini ile duara inayozunguka imebaki. Kila aliyetuma pesa kwa simu mahali penye mtandao hafifu ameikodolea macho.

Saa ya mchanga! Katika ofisi niliyoifanyia kazi hakuna mtu aliyewahi kuiona. Karani aliitazama siku ya kwanza akasema, "Mwalimu, kimetoka kingoma." Kweli ilifanana na ngoma iliyobanwa kiuno. Tangu siku hiyo kila mtu pale aliiita kingoma, nami sikuwa na sababu ya kuwasahihisha.

Ofisi hiyo ilikuwa ya chama cha kuweka na kukopa, mjini. Sitalitaja jina lake, kwani haikuwa na kosa. Mwaka 1997 walipata kompyuta moja yenye Windows 3.1 kwa msaada, pamoja na jenereta ndogo ya petroli. Niliwaandikia programu ya mikopo kwa Visual Basic toleo la 3. Ndani ya lugha hiyo kingoma ni namba 11 na kishale cha kawaida ni namba 0. Kabla ya kuanza hesabu unaweka 11. Ukimaliza unarudisha 0. Mistari miwili, mwanzo na mwisho wa kazi. Mtoto anaweza kuiandika.

Lakini programu yaweza kupatwa na kosa katikati. Likitokea, haiendi mpaka mwisho. Inaruka hadi kwenye sehemu uliyoiandaa kwa ajili ya makosa. Hapo kwa kawaida unamwonyesha mtu ujumbe. Mimi niliona ujumbe ule wa Kiingereza wenye namba ungemtisha karani, naye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza. Nikaamua kosa lolote liandikwe kimyakimya katika faili, niwe nalisoma mwenyewe kila nikipita pale. Niliona nimemfanyia wema. Kisha nikasahau kurudisha 0 katika sehemu hiyo ya makosa.

Nikaongeza jambo la pili. Umeme wa jenereta ulikuwa wa wasiwasi, na hifadhi ya kumbukumbu ilikuwa ikiharibika mashine ikizimwa katikati ya kazi. Kwa hiyo nilimwagiza karani, tena kwa ukali wa kiualimu: "Ukiona kingoma, usiguse chochote. Subiri mpaka kiondoke."

Jirani yangu, mzee wa Endagikot ambaye shamba lake linapakana na letu, alikwenda pale siku ya Ijumaa saa tatu asubuhi kuchukua mkopo wa karo. Binti yake alitakiwa kuripoti kidato cha kwanza Jumatatu. Karani akaandika namba yake ya uanachama, akabonyeza. Kingoma kikatoka. Wakasubiri. Kwa kawaida kilikaa nusu dakika. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Wanachama wengine wakaja, wakaambiwa mashine iko kazini. Karani alisogeza kipanya, na kingoma kikasogea pamoja nacho, akaona ni dalili kwamba mashine i hai na inafanya kazi. Hakujua, kwa kuwa sikumwambia, kwamba katika Windows ile alama ya kipanya hutembea hata programu ikiwa haifanyi kitu. Saa tisa alasiri petroli ilikaribia kwisha, wakazima. Jumamosi ofisi haifunguliwi. Mzee alirudi nyumbani kwa miguu, na kesho yake akampeleka mnadani mtamba mwenye mimba, akamuuza kwa mfanyabiashara ambaye bila shaka alimwona usoni kwamba hana muda wa kungoja mnunuzi mwingine.

Mimi nilipita pale wiki mbili baadaye. Karani alinisimulia kwa kuniomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Nikafungua faili la makosa. Kulikuwa na mstari mmoja wa Ijumaa ile, saa tatu na dakika kadhaa, kosa namba 94: programu ilikuwa imekuta pengo mahali ilipotarajia thamani. Nikaitafuta kumbukumbu ya mzee. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa tupu. Programu yangu ilitaka kukokotoa umri wa mwanachama kabla ya kutoa hati, na haikujua la kufanya na mtu asiye na tarehe.

Nikaweka namba yake tena mbele ya karani. Kingoma kikatoka, kikakaa. Nikasubiri dakika moja. Kisha nikakipeleka kile kingoma juu ya kitufe cha kufunga ukurasa, nikabonyeza. Ukurasa ukafunga mara moja. Kwa maana kingoma kilikuwa picha tu. Chini yake mashine ilikuwa huru tangu sekunde ya kwanza, na kitufe chochote kingejibu. Karani alinitazama bila kusema neno. Nadhani alikuwa anakumbuka agizo langu.

Jioni nilikwenda kwa mzee. Tulikaa nje ya zizi. Nikamweleza.

"Unataka kusema," akaniuliza, "ile mashine ilikuwa imeshamaliza?"

"Ilishindwa, Mzee, ikaacha. Kisha ikawa inamngoja karani aiambie jambo jingine."

"Na karani anaingoja yenyewe."

"Ndiyo."

"Na mimi namngoja karani." Akanyamaza kidogo. "Ilishindwa nini?"

Nikamwambia kwamba haikupata mwaka wake wa kuzaliwa.

"Lakini nilimwambia yule binti. Nilimwambia nilizaliwa mwaka wa nzige, baba yangu ndivyo alivyosema."

Karani alikuwa ameandika hivyo kwenye kadi, nami baadaye niliiona kwa macho yangu: mwaka wa nzige, kwa wino wa bluu. Lakini nafasi niliyoitengeneza kwenye kompyuta ilikubali tarakimu tu, siku, mwezi na mwaka, kwa hiyo aliiruka. Nilipohesabu wanachama wote, nafasi hiyo ilikuwa tupu kwa watu wengi, karibu wote wazee. Wao walikuwa bado hawajaja kukopa.

Nilijaribu kumpa mzee fedha za kufidia tofauti ya bei. Hakuzipokea. Alisema mwalimu hakumuuza mtamba, aliyemuuza ni yeye. Nikabishana naye, akanikatiza kwa kuniuliza habari za mvua upande wa Dongobesh.

Wiki ile ile niliirekebisha programu. Niliweka 0 mahali palipostahili, katika sehemu ya makosa na katika kila njia nyingine ya kutokea niliyoiona. Niliandika ujumbe kwa Kiswahili: kazi hii imeshindikana, sababu ni hii, fanya hivi. Nikaongeza nafasi ya maneno kando ya tarehe ya kuzaliwa, mtu aandike alichoambiwa na baba yake, na umri ukikosekana hati itoke hivyo hivyo, kamati iamue. Yule karani niliketi naye siku nzima nikimwonyesha kwamba kingoma kinaweza kudanganya na namna ya kukijaribu. Alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko nilivyokuwa nimemdhania, na kutoka hapo alianza kunipigia hesabu za makosa yangu mengine, ambayo sikuwa nimeyaona.

Mkoa wetu, uliokuwa sehemu ya Arusha wakati huo, umekuwa Manyara tangu mwaka 2002. Kompyuta ile iliuzwa kama chuma chakavu. Binti alimaliza kidato cha nne, na leo mwanawe ni mmoja wa hao vijana wanaonicheka. Mtamba alizaa kwa mnunuzi wake miezi miwili baada ya mnada. Mzee mwenyewe ndiye aliyeniambia, tukiwa njiani kutoka kisimani. Alikuwa amepita huko akamwona. Ndama alikuwa jike.